SOMO: MGENI NA JEMBE
Siku moja ya kazi kijijini kama shughuli ya chama cha msingi



Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake inafahamika: ukarimu una kiasi, na akaaye sana huingia katika kazi za nyumba. Lakini siku hizi wako wageni wa namna nyingine, ambao hulitaka jembe siku ile ile ya kwanza, na juu ya hayo hulilipia. Hutoka mijini au ng'ambo, hufika kijijini asubuhi, hupalilia, hutwanga, hupika na kula walichopika, na jioni hurudi walikotoka. Somo hili linaeleza shughuli hiyo ni nini, imefanywaje mahali pengine, na chama cha msingi kilichoko Msalato, au mahali panapofanana na Msalato, kifanye nini ili shughuli hiyo iwe mali ya wanachama wote wala isiwe mali ya mwenye gari.

1. MAANA YA SHUGHULI

Mtalii wa mbugani hutazama. Huyu wa kijijini hushika. Hiyo ndiyo tofauti iliyo kubwa. Yeye hakuja kuona nyumba zetu kwa mbali na kupiga picha. Amekuja kujua kwa mikono yake mwenyewe jinsi punje ya uwele inavyofika kuwa ugali.

Basi chama kinauza nini hapo? Hakiuzi shamba, maana shamba hubaki. Hakiuzi chakula peke yake, kwa kuwa chakula kinapatikana mjini kwa bei nafuu zaidi. Kinachouzwa ni ujuzi wa mwanachama pamoja na muda wake. Mama anayepepeta kwa ungo na kutenga pumba na punje bila kumwaga hata moja, ameifanya kazi hiyo tangu utotoni hata haoni tena kuwa ni ujuzi. Mgeni hushika ungo huo huo na nusu ya nafaka humwagika chini. Hapo ndipo anapotambua kwamba yupo mbele ya mwalimu. Chama kisipoanza kwa kuutambua ujuzi huo na kuupangia thamani, hesabu zote zitakazofuata zitakuwa na kasoro.

2. MIFANO YA MAHALI PENGINE

Katika nchi ya Vietnam, karibu na mji wa kale wa Hoi An, kuna kijiji cha wakulima wa mboga kiitwacho Trà Quế. Mgeni akifika huvikwa kofia pana, hufundishwa kulima tuta, kuchanganya udongo na majani yaliyovuliwa majini ambayo ndiyo mbolea yao ya asili, kupanda miche, na kumwagilia kwa mzegazega, yaani mti wa begani unaobeba chombo cha maji huku na huku. Baadaye hupika mboga na kula pamoja na wenyeji. Mwaka 1999 mji wa Hoi An uliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2024 Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa liliitaja Trà Quế miongoni mwa vijiji bora vya utalii duniani. Tuzingatie jambo moja: sifa hiyo imetokana na mboga. Bustani zinalimwa kweli, na mboga hupelekwa sokoni. Kama wakulima wale wangeacha kulima, mgeni asingekuwa na la kujifunza.

Hapa kwetu Tanzania shughuli hii si ngeni. Tangu mwaka 1995 Bodi ya Utalii, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uholanzi liitwalo SNV, iliwasaidia wanavijiji wa kaskazini kuanzisha utalii wa utamaduni. Ng'iresi, katika miteremko ya Mlima Meru, na Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, ni miongoni mwa vijiji vinavyojulikana kwa kazi hiyo. Huko Mto wa Mbu wageni hutembezwa katika mashamba ya mpunga na migomba pamoja na soko la mji.

Mfano unaotuhusu zaidi sisi wanaushirika ni ule wa Kilimanjaro. Chama Kikuu cha KNCU, ambacho kilianzishwa mwaka 1933, kilibuni katika muongo wa 2000 mradi wa kupokea wageni katika mashamba ya wanachama wake huko Uru, juu ya mji wa Moshi. Mradi huo uliitwa Kahawa Shamba. Mgeni alifuatana na mkulima, akachuma buni mbivu, akaimenya, akaona inavyooshwa na kuanikwa, akaikaanga juu ya moto, akaitwanga katika kinu na hatimaye akainywa. Mradi huo ulikuwa wa ushirika, ukiongozwa na chama chenye wanachama, mikutano na vitabu. Tena zao lenyewe lilipata faida ya pili, kwani mtu aliyeitwanga kahawa kwa mikono yake hasahau imetoka wapi na nani ameilima.

3. MSALATO INA NINI?

Huenda mwanachama akasema, "Kilimanjaro wana mlima na kahawa, sisi tuna vumbi." Jibu la neno hilo ni kuhesabu tulivyo navyo, kama tunavyohesabu mali ya chama mwisho wa mwaka.

Kwanza, tunayo njia. Msalato iko kaskazini mwa Jiji la Dodoma, kilometa zipatazo 12 kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya lami iendayo Kondoa, Babati na Arusha. Msafiri aendaye Kolo kutazama michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, hupita mlangoni petu. Mwaka 2022 liliwekwa jiwe la msingi la uwanja wa ndege wa kimataifa hapa hapa Msalato, na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, na mji kutangazwa kuwa Jiji mwaka 2018, mikutano na wageni wa kiserikali wamekuwa wengi. Watu hao wana Jumamosi na Jumapili zao, na wengi wao hawajui wazitumie wapi.

Pili, tunao mnada. Mnada wa Msalato wa siku ya Jumamosi unajulikana kwa mifugo na nyama choma, nao huwavuta watu wa mjini bila ya tangazo lolote.

Tatu, tunazo kazi zenyewe: uwele na mtama, karanga, alizeti, ng'ombe na mbuzi. Zabibu za Dodoma, ambazo kwa kawaida huvunwa mara mbili kwa mwaka, zinalimwa hapa na huko Makutupora, mbele yetu kwenye barabara hiyo hiyo. Tunao ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga. Tunao ufundi wa tembe, nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la miti na udongo, ambayo vijana wengi wa leo hawawezi kuijenga. Tunazo zeze, marimba na ngoma ya muheme inayopigwa na kina mama. Muziki wa Kigogo ulifika katika majukwaa ya dunia kwa mikono ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003; hatuna sababu ya kuuona mdogo.

Lakini tuhesabu na hatari pia. Jiji linapanuka, na shamba lililokuwa la uwele jana linaweza kuwa kiwanja kesho. Mwanachama anayepata kipato cha ziada kutokana na shamba lake hupata sababu moja zaidi ya kufikiri kabla ya kuliuza. Hatusemi kuwa wageni watayaokoa mashamba yote. Tunasema kuwa wakati wa kupanga ni sasa, kabla wengine hawajatupangia.

4. MPANGO WA SIKU

Kanuni ya kwanza ni kwamba kazi ya mgeni ifuate msimu, wala msimu usigeuzwe kwa ajili ya mgeni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo mgeni wa Desemba hupanda, wa Januari na Februari hupalilia, wa Mei na Juni huvuna, na wa kiangazi hupura, hupepeta, hutwanga, hukanda udongo na kusaidia kukarabati tembe. Mgeni asifanyiwe maigizo ya kupalilia shamba lisilo na magugu. Ataligundua hilo mara moja, na mkulima naye atakuwa amepoteza siku.

Siku yenyewe iweza kupangwa hivi:

Saa 3 asubuhi: Mapokezi katika ofisi ya chama. Mgeni husalimiwa "Mbukwenyi" na kufundishwa kuitikia. Katibu anaeleza kwa kifupi chama ni nini, kina wanachama wangapi na fedha ya mgeni inakwenda wapi. Mgeni anaandikwa katika Daftari la Wageni, analipa na kupewa stakabadhi.

Saa 3:30 hadi saa 5:30: Kazi ya shambani kwa mwanachama wa zamu, kabla jua halijawa kali.

Saa 5:30 hadi saa 7:30: Kazi za nyumbani: kutwanga, kupepeta, kuchambua mlenda na kusonga ugali. Wageni wanaume nao washike mwiko na mchi.

Saa 7:30 hadi saa 9: Chakula na mapumziko. Wageni wale pamoja na wenyeji, wasitengewe meza yao peke yao.

Saa 9 hadi saa 10:30: Ufundi au ngoma, na nafasi ya kununua mazao ya wanachama: karanga, ubuyu, asali, vyungu, vikapu.

Saa 10:30: Kuagana ofisini. Mgeni anaandika maoni yake daftarini.

Anayeongoza awe mwanachama au mtoto wa mwanachama anayejua lugha ya wageni, naye afundishwe kueleza ukweli tu. Mgeni akiuliza neno ambalo kiongozi halijui, amwulize mzee aliyepo. Hilo halimwaibishi kiongozi, na mzee hupata heshima yake.

5. HESABU YA SHUGHULI

Hapa ndipo vyama vingi hujikwaa. Tuchukue mfano wa kufikirika. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, na kila chama kitaweka zake kwa bei za mahali pake.

Ada ya mgeni mmoja ni Sh. 40,000/-. Wamefika wageni 8. Mapato ni Sh. 320,000/-.

Gharama zisizobadilika, yaani zinazolipwa wageni wawe wengi au wachache:
Kaya mbili zenyeji, kila moja Sh. 25,000/-: Sh. 50,000/-
Walimu wa kazi za mikono watatu, kila mmoja Sh. 15,000/-: Sh. 45,000/-
Kiongozi wa wageni: Sh. 25,000/-
Kikundi cha ngoma: Sh. 40,000/-
Maji, kuni na usafi: Sh. 16,000/-
Jumla: Sh. 176,000/-

Gharama inayobadilika ni chakula, Sh. 8,000/- kwa kila mgeni. Kwa wageni 8 ni Sh. 64,000/-.

Gharama zote ni Sh. 240,000/-, na ziada ni Sh. 80,000/-.

Sasa tazama wageni wakiwa 5. Mapato ni Sh. 200,000/-. Gharama ni Sh. 176,000/- na chakula Sh. 40,000/-, jumla Sh. 216,000/-. Chama kimepata hasara ya Sh. 16,000/-, ingawa kila mtu aliyekuwapo ameona shughuli imefana na ngoma imelia! Wageni wakiwa 6, ziada ni Sh. 16,000/-. Kwa hiyo, katika mfano huu, idadi ya chini ni wageni 6. Kundi dogo likija, chama kisilifukuze. Kilipangie siku fupi yenye kaya moja na bila ngoma, kwa gharama ndogo zaidi, au kitoze ada ya kundi zima badala ya ada ya mtu mmoja mmoja.

Tulinganishe tena. Wageni wale wale 8 wangeletwa na mwenye gari aliyewatoza mjini Sh. 40,000/- kila mmoja, kisha akampa mwenye nyumba Sh. 20,000/- kama bahashishi, kijiji kingepata Sh. 20,000/- kati ya Sh. 320,000/-. Jembe ni lile lile, kinu ni kile kile na jasho ni lile lile. Kilichobadilika ni nani aliyepanga bei. Haya ndiyo mambo yaliyowafanya wakulima waanzishe ushirika zamani, walipochoka kupangiwa bei ya mazao na wanunuzi. Mwenye gari na kampuni ya utalii si maadui. Tunawahitaji watuletee wageni. Lakini walipe kwa chama, kwa mkataba ulioandikwa, kwa bei iliyokubaliwa na wanachama.

6. SHERIA NA VITABU

Chama kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 hufanya shughuli zilizomo katika masharti yake. Kama masharti hayataji kupokea wageni, hatua ya kwanza ni kulipeleka jambo hilo katika Mkutano Mkuu, na marekebisho yakipitishwa yapelekwe kwa Mrajis yaandikishwe. Afisa Ushirika ashirikishwe tangu mwanzo. Vivyo hivyo, chama kiulize Halmashauri ya Jiji na mamlaka za utalii kuhusu leseni, na kisianze kutoza fedha kabla ya kupata jibu la maandishi. Serikali ya mtaa nayo ijulishwe, kwa sababu ya usalama wa wageni na wenyeji.

Vitabu vya lazima, pamoja na vile vya kawaida vya chama, ni hivi:
(a) Daftari la Wageni, lenye tarehe, idadi, watokako na namba ya stakabadhi.
(b) Kitabu cha stakabadhi kwa kila shilingi inayoingia.
(c) Hati ya malipo kwa kila ujira, ikiwa na sahihi ya mpokeaji.
(d) Daftari la Zamu, linaloonyesha kaya iliyopokea wageni na kaya inayofuata.

Daftari hilo la nne ndilo linalodharauliwa, nalo ndilo linalovunja vyama. Katika ukaguzi nimepata kuona chama ambacho wageni walipelekwa kila mara katika nyumba mbili tu, zote za wajumbe wa Bodi. Fedha haikuibwa, na stakabadhi zilikuwa sawa. Lakini wanachama waliacha kuhudhuria mikutano, na mwaka uliofuata hapakupatikana akidi. Haki ya mwanachama haihifadhiwi na stakabadhi peke yake, huhifadhiwa na zamu pia.

Ziada ya mwisho wa mwaka igawanywe kwa mujibu wa Sheria, masharti ya chama na uamuzi wa Mkutano Mkuu, akiba ikitengwa kwanza. Wanachama wakipenda kutenga sehemu kwa ajili ya kisima au darasa la shule, huo ni utekelezaji wa kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa pamoja na nyingine huko Manchester mwaka 1995, inayohusu kuijali jamii.

7. MAMBO YA KULINDA

Kwanza, heshima ya wenyeji. Mgeni asipige picha ya mtu bila ruhusa, wala watoto wasiachishwe shule ili wawachezee wageni ngoma. Mambo ya jando na nyimbo zake si maonyesho. Wazee ndio waseme lipi laweza kuonyeshwa na lipi libaki ndani.

Pili, kilimo. Siku ya wageni isizidi uwezo wa kaya. Mvua ikinyesha na shamba likidai mbegu, mkulima apande, na mgeni akipenda apande naye. Shughuli hii ni nyongeza juu ya kilimo, wala si badala yake.

Tatu, afya. Maji ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe, choo kiwe safi, na sanduku la huduma ya kwanza liwepo. Mgeni mmoja akiugua tumbo, habari husambaa kuliko sifa za wageni mia.

Nne, nia. Kijiji kisionyeshe umaskini wake ili kihurumiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alikaa na wanakijiji wa Chamwino, mkoani kwetu, akafyatua matofali pamoja nao. Hakwenda kuwahurumia, alikwenda kufanya kazi. Mgeni wetu naye apokewe kwa maana hiyo: mtu aliyekuja kufanya kazi na kujifunza kwa wanaoijua.

8. MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Orodhesheni kazi 10 zinazofanywa na wanachama wenu. Ni zipi mgeni anaweza kuzishika kwa saa moja bila kuharibu mali?

2. Andaeni kalenda ya miezi 12 inayoonyesha kazi ya kila mwezi. Miezi ipi chama kisipokee wageni kabisa, na kwa nini?

3. Kwa bei za mahali penu, tafuteni idadi ya chini ya wageni ambayo chama hakitapata hasara.

4. Andikeni utaratibu wa zamu. Kaya ya mjane mzee, isiyo na nguvu ya kupika kwa watu wanane, itapataje fungu lake?

5. Someni masharti ya chama chenu. Je, yanaruhusu shughuli hii? Kama hayaruhusu, andaeni hoja ya kupelekwa Mkutano Mkuu.

Katibu awasomee wanachama majibu katika mkutano, si Bodi peke yake. Swali la nne lijibiwe kwanza. Kikundi kikishindwa kulijibu, chama kisipokee mgeni yeyote mpaka jibu lipatikane.